Rudisha Kwanza Kilichotolewa

Ukinunua Corolla ya mwaka 1996 leo, hununui gari peke yake. Unanunua pia maamuzi ya kila fundi aliyeligusa tangu liliposhushwa bandarini. Mmoja alitoa themostati kwa sababu gari lilikuwa linachemsha. Mwingine aliunga feni dairekti, ikawa inazunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa. Wa tatu aliweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, maana fyuzi ilikuwa inaungua kila mara na mteja ana haraka. Kila mmoja alimaliza tatizo la siku ile, akalipwa, akaenda zake. Deni limebaki kwako.

Ndiyo maana kwa yeyote anayelipenda gari lake la zamani nina ushauri mmoja unaotangulia mingine yote: kabla hujafikiria rimu mpya, muziki au taa za kisasa, rudisha kwanza vilivyotolewa. Hakuna pambo litakalokupa raha kama gari lililorudi katika hali aliyoikusudia aliyelibuni, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika nyumbani, uani, kwa spana za kawaida na subira.

Nazungumzia hasa Corolla za 100 na 110, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1991 na 1995, kwa sababu bado zimejaa barabarani kwetu, Dar es Salaam mpaka Nairobi. Nyingi zina injini ya 5A-FE ya cc 1,498 au 4A-FE ya cc 1,587. Injini hizi zina kompyuta na nozeli za kupiga petroli, lakini vifaa vyake si vingi kiasi cha kumshinda mtu mwenye mita ya umeme na jioni mbili tatu. Mwenye Sprinter au Carina ya miaka hiyo asiache kusoma, maana injini hizo hizo amezibeba.

Anza kwa kulijua gari lako kwa jina lake kamili. Fungua boneti, tazama ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Kuna kibati chenye modeli nzima, namba ya chesisi na namba ya rangi. Kipige picha, iweke kwenye simu. Ukifika Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukasema unataka spea ya “Corolla 110”, utapewa kitu kinachofanana. Ukionyesha kibati, muuzaji anayejua kazi yake atakutafutia kinachoingia. Spea halisi za Toyota kwa kawaida zina namba ya tarakimu au herufi kumi yenye kistari katikati, na kwa vitu vingi vya kubadilisha mara kwa mara tarakimu 5 za mwanzo hukuambia ni kitu gani: 90915 ni filta ya oili, 90919 ni mambo ya plagi na koili, 90916 ni themostati na mikanda. Muuzaji akikuletea boksi la themostati lenye namba inayoanza na 90919, mmoja kati yenu amekosea.

Nunua pia daftari la shule. Andika tarehe, kilomita, ulichobadilisha na bei. Basi.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa nitakaa sana, kwa sababu joto ndilo linaloua magari haya kuliko umri.

Themostati ni vali ndogo inayofunguka yenyewe maji yakifika joto fulani. Kwenye injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufika nyuzi 95 inakuwa wazi kabisa. Gari likichemsha, fundi wa haraka huitoa na kuitupa. Mara nyingi mshale wa joto hushuka kweli, mwenye gari akafurahi, na tangu siku hiyo gari linakula petroli kuliko zamani na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Kompyuta husoma joto la maji ili ijue ipige petroli kiasi gani. Maji yasipofika joto lake, kompyuta huamini injini ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, inazidisha mafuta. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda, na oili yenyewe haipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Ukifungua kifuniko cha oili unakuta utando mweupe kama maziwa, unaanza kuogopa gasketi ya silinda hedi bure.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Themostati ya injini hizi ina kisahani cha pili chini yake, ambacho kazi yake ni kuziba njia ya mkato maji yakishapata moto, ili yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kwenda kupoozwa. Kwenye mlima mrefu, gari limebeba watu watano na mizigo, kitu kilichotolewa ili gari lisichemshe ndicho kinachochangia lichemshe.

Kwa hiyo nunua mpya, na hata hiyo mpya ipime kabla ya kuifunga. Ining’inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse kitako, chovya kipimajoto, washa jiko. Uione ikianza kufunguka kwenye nyuzi themanini na kitu, na ukizima jiko uione ikifunga. Ukiwa Nairobi au Mbeya, ambako maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 94, huenda usiione ikifika mwisho, lakini kuanza kwake kunatosha.

Themostati ikishakuwa mahali pake, gari likirudia kuchemsha tafuta sababu yenyewe. Anza na mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo kuliko vyote na kinachosahauliwa kuliko vyote. Juu yake mara nyingi pameandikwa 0.9, yaani shinikizo unalolibana kabla ya kuachia. Maji yaliyobanwa hivyo, usawa wa bahari, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Mpira wa ndani ukikauka, shinikizo linapotea na maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye kopo la akiba na kumwagika. Ufungue mfuniko injini ikiwa baridi tu, uangalie mpira. Ukiwa na ufa, badilisha. Usiufungue kamwe gari likiwa la moto, hata kwa kitambaa kizito. Watu wameungua nyuso kwa haraka hiyo.

Feni nayo ina mtihani wake mwepesi. Kwenye Corolla hizi nyingi, feni ya umeme huamriwa na swichi ya joto la maji. Injini ikiwa baridi, washa swichi ya gari bila kupiga stata, kisha chomoa plagi ya waya ya ile swichi ya joto: feni inatakiwa kuzunguka. Ukirudisha plagi, isimame. Wabunifu walifanya hivyo makusudi ili waya ukikatika feni ipige, injini isiungue. Kama feni yako imeungwa dairekti, fuata waya walioongeza mpaka mwisho, utoe, kisha urudishe relei na swichi. Feni inayozunguka bila kupumzika huchakaa upesi, na siku itakapokufa kwenye foleni hutajua mpaka mshale upande.

Halafu kulanti. Husemwa kwamba nchi zetu hazina baridi ya kugandisha maji, kwa hiyo maji ya bomba yanatosha. Hayatoshi. Ndani ya kulanti mna dawa ya kuzuia kutu, na silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma; zikioshwa kwa maji matupu kwa miaka, huliwa. Maji ya visima vya pwani yana chumvi na chokaa juu yake, na chokaa ndiyo inayoziba vijia vyembamba vya rejeta. Changanya kulanti na maji yaliyokenekwa, yale ya betri yasiyo na asidi, nusu kwa nusu, au nunua iliyochanganywa tayari. Badilisha kila baada ya miaka miwili.

Kuosha ni kazi ya asubuhi moja. Fungua koki ya chini ya rejeta, mwaga, jaza maji safi, washa gari mpaka lipate joto, subiri lipoe, mwaga tena, rudia mpaka yatoke meupe. Maji machafu yakinge kwenye beseni, mbali na watoto na kuku, maana kulanti ina utamu na ni sumu. Unapojaza, egesha gari pua ikiwa juu kidogo, hita ya ndani weka kwenye moto, acha mfuniko wazi injini ikinguruma taratibu tangu ikiwa baridi, ukiminya hosi kutoa hewa. Hewa iliyobaki ndani imewafanya wengi kufungua silinda hedi isiyo na kosa. Na usishangae ikianza kuvuja mahali fulani baada ya kuosha. Uchafu ulikuwa umeziba tundu. Bora ulione tundu hilo ukiwa nyumbani kuliko ukiwa Chalinze saa nne usiku.

Dalili za kweli za gasketi ya silinda hedi ni nyingine: mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, maji yanayopungua bila kuvuja, moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto, hosi zinazokuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha. Ukiziona hizo, hapo ndipo umtafute fundi mwenye kifaa cha kupima.

Baada ya maji, umeme. Fungua sanduku la fyuzi chini ya boneti na lile la ndani, soma amperi zilizoandikwa kwenye kifuniko, linganisha moja moja. Palipo na waya au fyuzi kubwa kuliko ilivyoandikwa, toa leo hii. Fyuzi inayoungua inakwambia kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, na ukiizuia kukwambia utaambiwa na moshi. Kisha fuata waya mnene wa arthi kutoka kwenye betri mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye giaboksi. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king’ae, funga, paka grisi. Nusu ya taa hafifu na stata nzito ninazozisikia kwa watu zinaishia hapo. Betri iliyotulia isome volti 12.6 hivi, na injini ikiwa inafanya kazi isome kati ya 13.5 na 14.5.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, usikimbilie kulipia mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye matundu yenye majina. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya, washa swichi bila kupiga stata, hesabu mimweko ya ile taa. Ikimweka haraka haraka kwa mpigo sawa, kompyuta haina lalamiko. Mimweko miwili, pumziko, mimweko miwili ni 22, yaani kihisi cha joto la maji. Mitatu na mmoja ni 31, kihisi cha mvutano wa hewa. Minne na mmoja ni 41, kihisi cha mkao wa throto. Namba haisemi kwamba kihisi kimekufa. Inasema mzunguko wake una shida, na mara nyingi shida ni plagi ya waya iliyolegea au iliyopata kutu, ya kusafishwa kwa dakika kumi.

Oili: lita 3 na kidogo pamoja na filta, ukimalizia kwa kijiti. Angalia pia mashimo ya plagi. Mipira inayozunguka mashimo hayo chini ya tapeti kava hukakamaa kwa umri, oili inajaa ndani, silinda moja inaanza kukosa na gari linatetemeka kwenye silensa. Watu hubadilisha plagi, koili, hata distributa, kumbe ni gasketi ya tapeti kava na mipira yake minne. Plagi za kawaida za injini hizi huwekwa pengo la milimita 0.8, nunua za Denso au NGK kwenye duka unaloliamini, maana bandia ni nyingi na boksi halina tofauti ya macho. Taimingi belti hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hujui ya kwako ina kilomita ngapi, ihesabu imekwisha. Ikikatika kwenye injini hizi, kwa kawaida vali hazigongi pistoni, lakini hapo ulipo ndipo utakapolala.

Kabla hujaingia chini ya gari kwa kazi yoyote: jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kubebea. Tafuta sakafu ngumu. Kama ua wako ni wa mchanga, weka ubao mpana na mnene chini ya stendi. Zuia tairi zinazobaki chini kwa mawe mawili. Mawe mengine chini ya gari kama mbadala wa stendi hayakubaliki, na matofali ni mabaya zaidi kwa sababu hupasuka bila kuonya. Breki pedi za mbele unaweza kubadilisha mwenyewe, ila mara ya kwanza fanya ukiwa na fundi amesimama karibu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na pwani unyevu ni mwingi, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili, DOT 3, kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo.

Gari likishakuwa hivyo, lipambe. Mimi siwacheki wanaopamba magari yao. Gari linalopendwa hutunzwa, na anayeliosha kila Jumapili ndiye anayegundua hosi iliyovimba.

Kwenye rimu, Corolla hizi zina nati nne kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 54.1. Rimu ya dukani mara nyingi ina tundu kubwa zaidi, basi dai pete za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka kwenye mwendo na hakuna balansi itakayoutuliza. Tairi ya 175/65R14 ina kimo cha milimita 583. Ukipanda rimu ya 15, 185/55R15 ina milimita 584 au 585, na spidomita inabaki kusema kweli. Ile 195/55R15 inayopendwa ni ndefu kwa asilimia 2 hivi, inaweza kugusa matao gari likibeba, na spidomita itakuonyesha mwendo mdogo kuliko ulionao. Rimu ya 17 kwa barabara zetu siipendekezi kwa mtu yeyote. Ukuta wa tairi unakuwa mwembamba, shimo moja linapinda rimu.

Wengi huku kwetu hawashushi gari, wanaliinua kwa sababu ya matuta na barabara za mitaa. Spesa ya inchi 1 juu ya shokapu inavumilika. Zaidi ya hapo sivi jointi zinafanya kazi kwa pembe mbaya na boljointi zinavutwa mpaka mwisho wake. Kabla ya spesa, badilisha springi zilizolala na bushi zilizokufa, upime upya. Mara nyingi kimo unachokitafuta ni kile ambacho gari lilikuwa nacho likiwa jipya. Ukimaliza, nenda kapime alaimenti.

Taa za mbele za magari haya ziliundwa kwa balbu ya H4 ya wati 60/55. Ukitia balbu za xenoni au LED za bei rahisi ndani ya kioo hicho, mwanga unatawanyika, unawapofusha wanaokuja na wewe mwenyewe huoni mbali. Rudisha H4, halafu pima volti kwenye plagi ya balbu taa zikiwa zinawaka. Volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu thuluthi. Funga relei mbili karibu na betri, moja ya taa kubwa na moja ya taa ndogo, kwa waya mnene wenye fyuzi, ule waya wa zamani ubaki kuamrisha relei tu. Safisha vioo. Utadhani umenunua taa mpya.

Muziki uuweke upendavyo, kwa sharti moja: waya unaotoka betri kwenda kwenye amplifaya nyuma uwe na fyuzi yake hatua za mwanzo kabisa, sentimita 20 au 30 kutoka betri, na pale unapopenya ukuta wa chuma uwe na mpira wa kuuzuia usikatwe.

Waishio Tanga, Zanzibar, Mombasa au Bagamoyo wana adui mwingine, chumvi ya bahari. Inua kapeti, tazama sakafu. Tazama matao ya tairi za nyuma kwa ndani, na chini ya milango, ambako kuna vitundu vya kutolea maji ambavyo huziba kwa matope. Vizibue kwa kijiti. Kutu ndogo isugue mpaka chuma cheupe, paka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi kwa namba ile ya kibatini. Desturi ya kupulizia oili chafu chini ya gari iache, kwa sababu oili hiyo huozesha bushi na mipira ya sivi jointi. Na ukiuza wazo la kufunika kutu kwa fila, fundi wa bodi atalinunua kwa furaha, ila baada ya masika mawili utamlipa tena.

Mwisho ni injini. Wapo wanaotaka kuitoa 5A wakaweka kubwa zaidi. Sikatazi, lakini injini yenye nguvu inataka breki, shokapu na rejeta za kiwango chake, na gharama hizo ndizo zinazoachwa nusu njiani. Injini ikibadilika, au rangi ikibadilika, kadi ya gari nayo lazima ibadilike, Tanzania kupitia TRA na Kenya kupitia NTSA. Dai risiti ya injini yenye namba yake siku unayoilipia, na uhakikishe namba iliyopigwa kwenye bloku ndiyo iliyoandikwa kwenye risiti kabla haijapakiwa. Injini isiyo na karatasi hata ikiuzwa nusu bei usiichukue, kwa sababu siku utakapotaka kuliuza gari, mnunuzi makini atafungua boneti, atasoma namba, atarudisha kadi mkononi mwako.